Jike aliyejificha kifuuni: kisa cha tangi moja la Mpendae

Tangi lenyewe ni la samaki wa mapambo, lita 80 hivi. Liko ukumbini, nyumba moja ya Mpendae, mjini Unguja, mbali na jua la dirishani. Wakazi wake ni kribensi wawili, dume na jike, gapi (vijisamaki vidogo) wasiozidi kumi, na mnyonya kioo mmoja. Mchanga ni ule mweupe wa pwani. Kwenye kona ya kushoto kimefudikizwa kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango, na chujio ni sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa. Hita ya kupashia maji moto hakuna, na wakati wa kaskazi haina kazi: maji ya humo yanasoma nyuzi 28 yenyewe.

Mwenye tangi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Samaki aliwanunua Dar es Salaam, wakavuka kwa boti ndani ya mifuko, na kwa miezi kadhaa hawakumsumbua. Kisha ikaja wiki iliyoharibika. Alinitumia mimi, mfugaji mwenzake, video mbili na ujumbe wa sauti: "Shikamoo ami. Jike ana damu tumboni, hali, anatetemeka, kajichimbia kifuuni hatoki. Na sasa dume naye anataka kufa. Nitie dawa gani?"

Kila alichokisema alikuwa amekiona kweli. Ila alikuwa ameunganisha mambo mawili yasiyo ndugu. Jike alikuwa na uzazi, dume alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wa dume ulitokana na namna uzazi wa jike ulivyotibiwa. Fundo hilo ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu, maana tangi lenye kutaga peke yake, au lenye ugonjwa peke yake, halimchanganyi mtu sana.

Kwa wasiomjua samaki huyu: kribensi ni siklidi, ukoo mmoja na perege na sato, ila yeye ni kibete wa ukoo. Dume hufika sentimita 10, jike 7 au 8. Jina lake la kitaalamu ni Pelvicachromis pulcher na kwao ni mito ya kusini mwa Nigeria na pwani ya Kameruni. Hutaga pangoni. Samaki wa pangoni akiingia uzazini hufanya karibu yote ambayo samaki wengine huyafanya wakiumwa: hujificha, hupunguza kula, hugeuka rangi, hutetemeka, huwashambulia wenzake. Mtu aliyezoea gapi, ambao huzaa huku wanatafuna, hana alipojifunzia hayo.

Nini kilitangulia

Nilimwambia, mwanangu, dalili nimezisikia, sasa nipe mfuatano. Kipi kilianza, kipi kikafuata, na mkono wako uliingia majini lini.

Kwanza tumbo la jike liliiva rangi ya zambarau inayoelekea nyekundu na ubavu ukaingia weusi. Akawa anajipinda mbele ya dume, tumbo kalitokeza, mwili mzima unatetemeka. Baadaye wote wawili wakawa wanachota mchanga kwa mdomo kutoka ndani ya kifuu na kuutema nje. Mwalimu alidhani wanatapika. Kisha jike akaingia ndani na milo miwili ikapita hajaonekana.

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na mtu wa jirani akasema maji yatakuwa yamechafuka. Sifongo likatolewa, likasuguliwa kwa sabuni chini ya mfereji mpaka likawa jeupe. Kioo kikapanguswa, nusu ya maji ikamwagwa na nyingine ikatiwa moja kwa moja kutoka mferejini, na juu yake gao la chumvi. Siku mbili baada ya usafi huo, dume alikuwa kona ya juu, mapezi yamefungwa, anahema kwa kasi. Gapi walikuwa wamejazana panapotoka mapovu. Hata mnyonya kioo, ambaye mchana hapendi kuonekana, alikuwa kapanda juu.

Ukiupitia mfuatano huo polepole unaona kwamba kabla ya sifongo kuoshwa hakukuwa na samaki hata mmoja aliyekuwa akihema. Na baada ya kuoshwa, waliohema ni wote isipokuwa yule aliyesemwa ndiye mgonjwa.

Jike

Nilifika jioni yake. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kukaa chini na kuangalia bila kugusa, mpaka samaki wakatusahau. Watu wengi hawana subira hiyo, na mimi naamini nusu ya samaki wanaokufa kwa dawa wangepona kwa kiti.

Namna yangu ya kupima ni kuuliza samaki ana mahali au hana. Samaki mwenye mayai mambo yake yote yamefungwa na sehemu moja. Akitoka hapo, anatoka kwa sababu, na sababu ikiisha anarudi. Mgonjwa hujificha pia, lakini maficho yake hayana mwenyewe: leo nyuma ya chujio, kesho chini ya jani, na akisukumwa na gapi huhama bila ubishi.

Nilipitisha kidole juu ya kioo karibu na kifuu. Jike alichomoka, mapezi wazi, vifuniko vya mashavu vimetanuka, akakikabili kidole. Nikakisogeza upande wa pili wa tangi. Hakukifuata, alirudi mlangoni na kuingia. Gapi mmoja alikatiza mbele ya kifuu akafukuzwa kwa umbali wa shibiri mbili, na fukuzo likakoma pale pale kama mara zote zilizofuata. Ule ulikuwa mpaka, na samaki anayechora mpaka ana nguvu za kuulinda.

Chakula nacho kilijibu. Mwalimu alikuwa akinyunyiza vidonge juu ya maji, kona ya mbali, kisha anahesabu kwamba jike hakuja. Bila shaka hakuja; asingeacha mayai akapige foleni na gapi. Tuliangusha viluwiluwi vya mbu kwa mrija karibu kabisa na mlango wa kifuu. Alitoka, akameza viwili, akarudi. Mgonjwa wa tumbo hafanyi hivyo. Huyo hukiendea chakula akakitia mdomoni na kukitema, au hukiacha kimguse pua asijali.

Sasa ile "damu". Wekundu wa tumbo la jike aliyeiva huwa sawasawa pande zote mbili, laini, unang'aa, na magamba juu yake yamelala. Damu iliyovilia chini ya ngozi huja kwa madoadoa au michirizi, mara nyingi kwenye mashina ya mapezi na kuzunguka tundu la haja, na upande mmoja huzidi mwingine. Ikiwa mwili umejaa maji, magamba husimama, na ukimtazama samaki kwa juu huwezi kukosea. Weusi wa ubavuni unasaidia zaidi. Rangi hiyo ya siklidi inaendeshwa na mishipa ya fahamu, kwa hiyo huja na kuondoka kwa dakika chache. Tulipozima taa ya ukumbini na kuiwasha tena ubavu ulikuwa umepauka, na dume aliposogea kidogo tu ukarudi mweusi. Kidonda hakina tabia hiyo.

Kutetemeka niliona kwenye video, kwa sababu wakati wa uchumba ulikuwa umepita. Mtetemo wa uchumba una mlengwa. Jike anajiweka mbele ya dume, anatetemeka sekunde chache, anaacha, anaogelea kuelekea pangoni, anageuka kuangalia kama amefuatwa. Mtetemo wa maradhi hauna wa kutazamwa. Samaki hujiyumbisha pale pale, mapezi yamebana, haendi mbele wala nyuma, na chanzo huwa maji: baridi ya ghafla, chumvichumvi zilizobadilika haraka, au sumu ya amonia.

Kuna alama moja ambayo watu huiogopa bure, na nyingine inayofanana nayo ambayo hawaiogopi vya kutosha. Siku moja au mbili kabla ya kutaga, jike hutokeza kimrija kifupi, butu, cheupecheupe, nyuma ya tumbo. Ndio mrija wa kutagia. Lakini tangi lenye gapi lazima liangaliwe kwa jambo la pili, maana gapi hupata sana minyoo ya Camallanus, na minyoo hiyo hutokeza tundu la haja ikiwa nyuzi nyembamba nyekundu, zaidi ya moja, zinazoingia ndani samaki akishtuka na kutoka tena akitulia. Mrija ni mmoja, mweupe, na hauingii na kutoka. Nyuzi zikiwepo, samaki wote wa tangi hilo wanahitaji dawa ya minyoo ya aina ya levamisoli, ile inayotumika kwa mifugo. Hapa hazikuwepo. Niliwaangalia gapi mmoja mmoja.

Mwisho tukawasha tochi ya simu na kumulika kwa chini, kupitia kioo cha mbele, kwenye dari ya kifuu. Ukingo wa mayai ulionekana: kama punje za ulezi zilizobandikwa kwa gundi, rangi ya kahawia, safu juu ya safu. Jike alikuwa chini yake, mapezi ya kifuani yanapepea maji yapande kwenye mayai. Huko ndiko kutetemeka ambako mwalimu alikuwa akikuona gizani.

Kuinua kifuu ili kuhakikisha ni jambo ambalo wengi hulifanya, na ni njia nzuri ya kuhakikisha mayai yanaliwa.

Dume

Kwa dume jaribio la kidole halikutoa kitu. Kidole kushoto, kidole kulia, yeye yuko pale pale, macho yanaona na mwili haujibu. Tulihesabu mapigo ya mashavu, yale ya kupumulia, kwa saa ya mkononi, robo dakika kwake na robo dakika kwa jike, na yake yalikuwa yanakaribia mara mbili. Mara mojamoja alijibwaga kwa ubavu juu ya mgongo wa kifuu na kuruka. Hilo nalo lina pacha wake katika uzazi: siklidi wakisafisha mahali pa kutagia hutumia mdomo, wanadonoa na kukwangua. Anayejipiga ubavu ana kinachomuwasha, ama vimelea ama maji. Vidoa vyeupe vya ugonjwa wa madoa havikuwepo mwilini wala mapezini, na kwa kuwa gapi na mnyonya kioo nao walikuwa juu kwa wakati mmoja, sikuona haja ya kutafuta mdudu. Samaki wa aina tatu wakiugua siku moja, kwanza pima maji.

Kipimo cha amonia, ambacho mjini kwetu hakipatikani kila duka, kilisoma kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa lita. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake), ilisoma 8.2.

Namba hizo mbili lazima zisomwe pamoja. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Maji ya ardhini hupita kwenye chokaa na kutoka yakiwa magumu, pH yake juu ya 7. Mchanga mweupe wa pwani, unaopendeza sana tangini, ni vipande vya matumbawe na makombe, nao unaizuia pH isishuke. Amonia majini ina sura mbili, na moja tu kati yake ndiyo inayopenya mashavu kirahisi na kuunguza. Kwa nyuzi 28 na pH ya 7, sura hiyo kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwa nyuzi hizo hizo na pH ya 8.2 ni kama asilimia 10. Kipimo ambacho mfugaji wa maji laini atakipuuza mpaka kesho, Mpendae kinaanza kuua leo. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa maji ya kwingine mimi huusoma kwa jicho la pembeni.

Na amonia ilitoka wapi? Kutoka kwa samaki wenyewe, kwa mashavu yao na kinyesi chao, pamoja na chakula ambacho jike hakukila kikaoza. Siku zote huwa inatoka. Kilichokuwa kikiiondoa ni bakteria waliojenga ndani ya sifongo. Sabuni na maji ya mfereji yenye klorini viliwamaliza kwa dakika tano. Lile sifongo la kahawia, la kuchukiza, ndilo lililokuwa likiliweka tangi hai.

Mkia wa dume ulikuwa umechanika vipande vitatu, na mwalimu aliuhesabu katika ugonjwa. Mimi niliutenga. Mpasuko ulikuwa safi, hauna ukingo mweupe wala nyuzinyuzi za kuvu, na hauli kuelekea mwilini kama kuoza kwa pezi kunavyofanya. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Katika tangi dogo jike wa kribensi akishataga huweza kumfukuza dume vibaya sana, na kona ya juu ya mbali ndipo mahali pekee anapoachiwa. Kwa hiyo dume alikuwa pale kwa sababu mbili: moja ya ndoa, moja ya maji. Ya maji ndiyo iliyokuwa na haraka.

Tulichofanya, na tulichokataa

Jirani alikuwa ameshaleta kapsuli za tetrasaiklini, zifunguliwe majini. Tulizikataa kwa sababu mbili. Hapakuwa na bakteria wa kuuliwa, na hata wangekuwepo, dawa hiyo hushikwa na kalsiamu ya maji magumu ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Katika maji ya kisiwa hiki mtu anapaka maji rangi ya manjano tu. Dawa ya bluu, methilini, ni nzuri kwa mayai yaliyotengwa kwenye chombo chake, lakini katika tangi zima ingewamaliza hata bakteria wachache waliosalia. Chumvi hatukuongeza. Chumvi husaidia samaki dhidi ya naitraiti, sumu nyingine inayotokana na amonia, kwa sababu kloridi yake hugombea mlango ule ule wa mashavuni. Amonia haiigusi.

Kumhamisha jike kwenye ndoo "apumzike" ndilo jambo ambalo mwalimu alilitaka zaidi, na nilimuelewa. Nilikataa. Angetolewa kwenye mayai na kutiwa kwenye maji mageni, na akirudi angeanza kupigana upya na dume dhaifu.

Tulibadilisha theluthi ya maji usiku ule, na theluthi nyingine kila siku kwa siku zilizofuata, kwa maji yaliyolala kwenye dumu wazi na kutiwa pumzi ya pampu, yakiteremshwa kwa mrija mwembamba upande usio wa kifuu. Nilimpelekea sifongo la pili kutoka tangi langu, lililofanya kazi muda mrefu, likisafirishwa ndani ya maji yake mwenyewe. Chakula kilipunguzwa mpaka kuwa viluwiluwi vichache vya jike na kidogo kwa wengine. Mwalimu aliuliza kuhusu maji ya mvua aliyokinga kwenye bati, ambayo ni laini. Ni maji mazuri na baadaye alianza kuyachanganya kidogo kidogo, ila siku ile samaki wenye mashavu yaliyoungua hawakuhitaji badiliko jingine la ghafla.

Kuhusu gapi tulibishana kwa adabu. Yeye alitaka waondolewe wote ili wazazi wawe na amani. Nilimwomba abakize wanne. Siklidi wenye mayai wanahitaji adui wa pamoja. Ukiwaondolea wote, hasira hubaki ndani ya nyumba, na hapa aliyekuwa anapigwa alikuwa tayari nusu mfu. Kweli gapi wangekula vifaranga wakitoka. Nilikuwa tayari kwa hasara hiyo. Kona ya dume tuliweka kigae cha chungu na fungu la majani, asionekane na jike kila anapogeuka.

Kesho yake jioni mapigo ya mashavu ya dume yalikuwa yameshuka, gapi wamerudi katikati ya tangi. Mkia ulikuwa bado umechanika na dume bado hakuruhusiwa kufika kifuuni, jambo lililothibitisha kwamba zilikuwa sababu mbili.

Mayai yalipoliwa

Kwa nyuzi 28 mayai ya kribensi huanguliwa kwa siku mbili au tatu. Haya hayakufika. Mengine yaligeuka meupe kwa kuvu, jike akawa anayatoa, na asubuhi moja dari ya kifuu ilikuwa tupu. Mwalimu alinipigia sauti imemkauka: "Si nilikwambia ami, alikuwa anaumwa. Kala wanawe."

Lakini siku ile ile, kabla ya adhuhuri, jike alitoka. Ubavu ulikuwa umepauka, akazunguka tangi zima, akapanda juu na kula vidonge pamoja na gapi, na hakumfukuza mtu. Hakuna ugonjwa unaopona kwa kuliwa mayai. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko wote wa awali: mahali palipokwisha thamani, na tabia zote zilizofungwa na mahali hapo zikafunguka kwa pamoja. Kula mayai ni jambo la kawaida kwa jozi inayotaga mara ya kwanza, zaidi likichanganyika na maji mabaya na watu wanaochungulia na tochi, mimi nikiwa mmoja wao.

Walitaga tena wiki chache baadaye. Safari hii sifongo halikuguswa ila kukamuliwa kidogo kwenye maji ya tangi lenyewe. Jike alijificha, alikataa chakula cha juu, alimpiga dume, na mwalimu alikaa na kutazama. Vifaranga walitoka wakiogelea kiasi cha wiki moja baada ya kutagwa, wingu dogo chini ya tumbo la mama. Ni wakubwa kiasi cha kula artemia wachanga, vijidudu vya maji ya chumvi, tangu siku ya kwanza, na mayai ya artemia aliyaangulia kwa maji ya bahari, ambayo kwetu hayauzwi. Mama akitikisa mapezi ya tumboni, wote hushuka mchangani kwa mpigo mmoja. Ukiona jike "anatetemeka" namna hiyo akiwa na watoto, usikimbilie chumvi, anawaita.

Na siku alipoumwa kweli

Baada ya kutaga mara ya tatu, kukiwa na mapumziko mafupi mno, mwalimu alinitumia video nyingine. Jike huyo huyo, kajificha, hali, kafifia rangi. Safari hii alikuwa ameshaandika jibu mwenyewe chini yake: "Hana mahali, ami."

Alikuwa sahihi. Asubuhi jike alionekana nyuma ya chujio, alasiri yuko chini ya majani ya juu, kifuu kiko wazi na gapi wanaingia na kutoka. Alichukua kiluwiluwi akakitema. Tumbo lilikuwa limeingia ndani, na kinyesi kilikuwa utepe mweupe, mwembamba, unaoning'inia. Utepe huo peke yake nisingeuamini, kwa sababu jike anayelinda mayai bila kula naye hutoa utando mweupe wa utumbo mtupu. Ulipokuja pamoja na kutema chakula na kupoteza mahali, ulielekeza kwenye vijidudu vya utumboni vya jamii ya Spironucleus, ambavyo huvizia samaki aliyechoka. Alitengwa kwenye chombo chenye maji ya tangi lile lile, akapewa metronidazoli kwa kipimo alichokitoa daktari wa mifugo, ikichanganywa na chakula laini kwa kuwa bado alikuwa anatia kitu mdomoni. Mgonjwa aliyefunga mdomo kabisa hubaki na dawa ya majini tu, ambayo kwa maradhi ya utumbo ni dhaifu. Alichukua muda kurudisha tumbo lake, lakini alirudisha.

Kifuu kimetolewa tangini mpaka anenepe, maana kribensi wakiwa na pango na chakula hawajipangii uzazi. Mwalimu aliuliza kama kuna siklidi vibete wasio na mashaka haya kwa maji yetu. Huwa nawaambia watu wa visiwani waache kuota samaki wa Orinoco, mto wa Amerika Kusini, wanaotaka maji laini, watazame Kigoma: Ziwa Tanganyika lina siklidi wa sentimita chache tu wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na maji yake ni magumu yenye pH inayokaribia 9. Hao mchanga wetu wa pwani hauwadhuru kitu. Kujificha watajificha vile vile, kombeni badala ya kifuuni.

Vifaranga wa pili waliobaki wamefika sentimita 3 na wameanza kuonyesha jinsia. Wengi ni majike. Kwa kribensi pH huingia hata huko: maji yenye asidi huelekea kutoa madume zaidi, na haya yetu kinyume chake. Mwalimu anatafuta mtu wa Unguja au Pemba mwenye madume wasio wa ukoo huu, wabadilishane.